Wakikuyu na Wamasai hawakuwa maadui wa jadi

Bado tunaambiwa kwamba kabla ya Waingereza kuja, Wakikuyu na Wamasai waliishi wakichinjana tu. Si kweli. Kuibiana ng'ombe kulikuwepo, na watu walikufa. Lakini hata vijana walipokuwa vitani, wanawake wa Kikuyu waliweza kuvuka mpaka wakiwa na nafaka, tumbaku na vibuyu, wakarudi na ngozi. Biashara hiyo ililindwa kwa sababu kila upande uliihitaji.

Miaka ya 1890, sotoka ilipomaliza ng'ombe na ndui ikafuata, familia nyingi za Wamasai zilikimbilia kwa Wakikuyu. Wengine waliwaacha watoto huko ili wapate chakula, na baadhi ya watoto hao walikulia na kuolewa hukohuko. Jomo Kenyatta mwenyewe aliandika kwamba nyanya yake mmoja alikuwa Mmasai.

Mipaka migumu tunayoigombania leo ilichorwa na serikali ya kikoloni. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamasai kuwapisha walowezi, na Wakikuyu nao wakabanwa katika hifadhi zao, yaani maeneo waliyotengewa kuishi. Inaniuma sana kusikia wanasiasa wakiwaita majirani hawa maadui wa tangu enzi.