Kusoma Wito katika Njia ya Kazi Yenye Kona Nyingi

Katika matanga mengi ya huku kwetu, mfawidhi wa shughuli akimkaribisha mtu kusema neno hutanguliza kazi yake kabla ya jina: injinia fulani, mwalimu fulani, daktari fulani. Mtu ambaye amekuwa karani, kisha mchuuzi, kisha fundi, kisha wakala wa bima, hubaki akijiuliza atatambulishwa kwa lipi. Swali hilo la heshima mbele za watu ndilo ambalo mara nyingi humleta kwangu, ingawa akishaketi huliuliza kwa namna nyingine: je, Mungu alikuwa na kusudi gani na mizunguko hii yote? Mimi ni mchungaji na mshauri nasaha hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuketi na watu wa aina hiyo.

Ninaloanza kulichunguza ni dhana kwamba wito ni cheo kimoja ambacho Mungu amekwisha kukiandika mahali, na kwamba anayekikosa amepotea. Naona dhana hiyo imelelewa na shule kuliko Maandiko. Waliosoma chini ya mfumo wa elimu wa Kenya wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, waliulizwa tangu utotoni watakuwa nani wakiwa wakubwa, kisha alama za mtihani wa kidato cha nne zikawaamulia, na wengi wakajikuta chuoni wakisomea jambo ambalo hawakuliomba. Ukiifungua Biblia unakuta mambo mengine kabisa. Amosi anamwambia kuhani Amazia kwamba yeye hakuwa nabii wala mwana wa nabii, bali mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Paulo, alipofika Korintho, alikaa na Akila na Prisila akashona hema pamoja nao, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja.

Lakini mfano ninaoutumia zaidi ni wa Yusufu, na siutumii kwa namna inayozoeleka mimbarini. Tunapenda kuruka kutoka kisimani hadi ikulu, tukisahau kwamba alikuwa na umri wa miaka 17 habari zake zinapoanza na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katika hiyo miaka 13 cheo chake kilipanda na kushuka: mwana mpendwa, mtumwa, msimamizi wa nyumba, mfungwa. Hata hivyo, ukitazama alichokuwa akifanya kwa mikono yake, utaona kitu kimoja kikijirudia. Nyumbani kwa Potifa alikabidhiwa mali isiyo yake akaisimamia vizuri. Gerezani alikabidhiwa wafungwa. Misri alikabidhiwa nafaka ya nchi nzima kwa miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Kazi ilikuwa ileile, ya kutunza mali ya wengine kwa uaminifu, ingawa mahali na mavazi vilibadilika. Hapo ndipo ninapomtaka mtu atafute wito wake: katika kile kinachojirudia chini ya vyeo vinavyobadilika.

Kwa hiyo simwombi mtu aniletee wasifu wa kazi. Nampa karatasi ya fulskepu na kumtaka aandike kila kazi aliyowahi kuifanya, hata ya kibarua, kisha mbele ya kila moja ajibu maswali mawili: uliajiriwa kufanya nini, na watu walikujia kwa lipi? Majibu hayo mawili hupishana sana, na kwangu lile la pili ndilo lenye uzito.

Nitatoa kisa nilichokichanganya kutokana na watu kadhaa ili asitambulike yeyote. Mama mmoja alisomea ualimu wa shule ya msingi, ajira ikachelewa mno, akaingia biashara ya omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga, akawa wakala wa M-Pesa, na sasa ni mhudumu wa afya ya jamii. Alipoingia ofisini alisema maisha yake ni vipande vipande. Katika jibu la pili, upande wa omena, aliandika kwamba wenzake walimwachia daftari la madeni, naye alilichora kwa vijiti na duara, duara moja kwa kila gorogoro, yaani kopo la kupimia, ili wasiojua kusoma waweze kulihakiki wenyewe. Kwenye kibanda cha M-Pesa, wazee walimletea simu awasomee ujumbe na awaeleze makato. Leo anaketi na familia zinazoogopa fomu za bima ya afya na kuzieleza mstari kwa mstari. Nilimwomba asome majibu hayo kwa sauti, na kabla hajafika mwisho akasema, “Pasta, kumbe sijaacha kufundisha.”

Si kila kona ya njia ni mkono wa Mungu, na hapa natofautiana na baadhi ya watumishi wenzangu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka wa 2009, na mashine za Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilichoanza mwaka wa 1922, ziliponyamaza, familia nyingi za magharibi mwa Kenya zilipoteza riziki kwa sababu ya maamuzi ya binadamu. Kumwambia aliyefutwa kazi bila malipo yake kwamba “Mungu alipanga” ni kuwasamehe waliomdhulumu kabla hawajaomba msamaha. Yusufu mwenyewe hakufanya hivyo. Aliwaambia ndugu zake waziwazi kwamba walimkusudia mabaya, ndipo akaongeza kwamba Mungu aliyakusudia kuwa mema. Makusudi ni mawili, na la pili haliondoi hatia ya la kwanza. Mtu anaweza kudai haki yake katika mahakama ya kazi asubuhi na kumshukuru Mungu jioni, bila unafiki wowote.

Vijana wakiniambia kwamba njia za namna hii ni za walioshindwa, huwatajia Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, aliyesomea uuguzi Uganda na Uingereza, akafanya kazi katika hospitali ya Maseno, akawa mtangazaji wa BBC, afisa wa maendeleo ya jamii hapa Kisumu, afisa wa uhusiano wa Air India, mwandishi, kisha mbunge na waziri msaidizi. Sidai kujua alivyoisoma safari yake mwenyewe.

Wapo wanaojaza karatasi wasione kinachojirudia. Wakiwa bado vijana nawaambia waendelee na kazi waliyo nayo, wawe wakiandika kila jioni jambo moja ambalo mtu aliwajia kwalo, kisha warudi baada ya miezi michache. Wakiwa watu wazima na karatasi ni tupu, huanza kwa kuwauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na mara ya mwisho waliyofurahia jambo, kwa kuwa sonona humfanya mtu aone kwamba hajawahi kumfaa yeyote. Hao nawapeleka kwanza kwa daktari wa afya ya akili, na kuhusu wito tunazungumza wakiwa wameanza kulala.