Nyayo za Engare Sero: sayansi inayoanzia kwa mchunga mbuzi

Miaka kadhaa nyuma, kama afisa wa makumbusho, nilikwenda shule moja ya msingi upande wa Ngorongoro nikiwa na vifaa kamili: projekta, jenereta ndogo ya kuazima na picha thelathini na mbili za mafuvu ya zamadamu, yaani watangulizi wa kale wa binadamu. Jenereta ilikohoa mara mbili ikazima. Nikabaki nimesimama mbele ya watoto zaidi ya mia, pamoja na wazazi waliokuja kwa heshima ya mgeni, nikaanza kuwasomea karatasi. Nusu saa baadaye mtoto wa mstari wa mbele alikuwa amelala fofofo, na mzee mmoja mwenye fimbo akainua mkono.

"Mwalimu, hao watu wa zamani walitembea kwa miguu?"

Nikamjibu ndiyo mzee, walitembea wima kama sisi.

"Basi tuonyeshe nyayo zao. Vichwa hatuvijui. Nyayo tunazijua."

Sikuwa nazo. Nilirudi mjini nikiwa nimeona haya, lakini tangu siku ile begi langu la elimu kwa umma halifanani tena na lile la kwanza. Mafuvu yamebaki makumbusho. Ndani ya begi kuna nakala ya plasta ya unyayo wa Laetoli (eneo jingine la nyayo za kale, huko huko Ngorongoro), futi kamba, mfuko wa jivu, kamba ya katani ya mita ishirini na kopo la magadi. Hilo la magadi huwachekesha sana walimu wanapoliona. Nitalieleza.

Niseme kwanza kuhusu Engare Sero, kwa sababu pale ndipo hoja ya mzee ilipothibitika. Kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kuna uwanda wa jivu lililoganda ambalo juu yake kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400. Ni watu kama sisi kabisa, waliopita hapo wakati fulani kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Pengo hilo la miaka ni kubwa, na darasani tunalitaja hivyo hivyo bila kulificha. Aliyeziona hakuwa profesa. Ni mkazi wa pale, Kongo Sakkae, aliyezitambua kabla ya mwaka 2006. Watafiti walipata habari miaka michache baadaye, wakaja na kamera na vipimo vyao. Mtu aliyezoea kuinamisha macho akitafuta alama ya kwato za ng'ombe aliyepotea hawezi kupita juu ya kisigino cha binadamu kwenye jiwe akakiona kama shimo tu.

Sasa magadi. Swali la kwanza la watu, popote ninapokwenda, ni hili: unyayo wangu wa jana umefutwa na upepo, huo wa maelfu ya miaka umebakije? Nikijibu kwa maneno ya kitabu, nimewapoteza. Kwa hiyo huwauliza akina mama nani ana magadi nyumbani. Wote wanayo, ya maharage au ya ugoro. Ukiacha kopo wazi msimu wa mvua, unakuta nini? "Yameshikana, mpaka uyapige na mwiko." Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava yenye ndugu wa karibu wa magadi haya haya tunayopikia. Lava yake hutoka nyeusi kama lami, ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe kwa muda mfupi. Jivu la mlima huo lilisombwa na maji likawa tope hadi ufukweni, watu wakapita likiwa bado bichi, jua likalikausha, kisha tope jingine likaja juu yake na kulifunika kama blanketi. Baadaye mmomonyoko ukalifunua taratibu.

Nimeona mara nyingi jinsi kemia inavyoingia kirahisi kwa mlango wa jikoni. Mama aliyenyamaza wakati wa mafuvu ndiye anayewaeleza wenzake kwa Kimaasai kwa nini kopo lifungwe.

Laetoli ni habari ya umri mwingine kabisa. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa kwenye kambi ya Mary Leakey, mwanaakiolojia, walikuwa wakitupiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mzaha. Mmoja wao, Andrew Hill, akajirusha chini kukwepa, na alipoinua uso akaona alama za wanyama kwenye jivu gumu. (Watoto hukisimulia kisa hiki kwa wiki nzima, na sijawahi kujuta kukitaja.) Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za zamadamu waliotembea wima, mstari wa takriban mita 27, wenye umri wa miaka milioni 3.66. Kisha mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza nyayo nyingine mita 150 hivi kutoka zile za kwanza, zilizopatikana wakati eneo likikaguliwa kwa ajili ya mpango wa kujenga makumbusho.

Milioni tatu na nusu ni nini kwa mtoto wa darasa la tano? Ndiyo maana ya kamba. Tunakubaliana kwamba milimita moja ni mwaka mmoja. Mzee wa miaka sabini ni sentimita saba, urefu wa kidole. Tangu Uhuru wa 1961 hatujamaliza kiganja. Nyayo za Engare Sero, tukichukua umri wa juu kabisa, ziko mita kumi na tisa na kidogo, karibu na mwisho wa kamba yangu. Halafu nawaambia wafuate kipimo hicho hicho hadi umri wa nyayo za Laetoli. Mwalimu mmoja alipiga hesabu kwenye ganda la daftari akanitazama: kilomita 3.66. Tukatoka shuleni tukatembea. Tulipita josho, tukapita lambo, na bado. Watoto walifika wamechoka, na uchovu ule ulifanya kazi ambayo ubao haujawahi kunifanyia.

Siku nyingine nilimpa nakala ya plasta mzee wa boma moja karibu na Endulen. Hakuishika mara moja. Aliiweka chini, akachuchumaa upande wa jua ili kivuli kiingie ndani ya alama, akapitisha kiganja juu yake kana kwamba anafuta vumbi. "Huyu hana haraka," akasema. "Kisigino kimeingia, vidole vimesukuma. Na kidole gumba kiko na wenzake. Nyani kidole chake kimetoka pembeni, kama cha mkono." Halafu akauliza alikuwa na wangapi.

Hoja kuu ya wanasayansi kuhusu unyayo wa Laetoli, yaani kisigino kutangulia kutua, vidole kusukuma na dole gumba kuelekea mbele pamoja na vidole vingine, niliandaa kuifundisha kwa vipindi viwili. Mzee aliimaliza kabla chai haijapoa. Hata hatua ya kusogea upande wa jua ili kivuli kionyeshe kina ni mbinu ile ile ambayo wapiga picha wa maeneo ya kale huitumia.

Lakini nisiwe mnafiki kwa upande wa pili. Ipo tabia siku hizi ya kusema jamii inajua kila kitu, mtaalamu aje kusikiliza tu. Mzee hakuwa na njia ya kujua unyayo ule una umri gani, na aliniambia mwenyewe kwamba kwake ungeweza kuwa wa babu wa babu yake. Hapo ndipo makumbusho inapaswa kuleta kitu chake. Nilimweleza kwa kibuyu cha maziwa. Mwenye kibuyu akionja leo, kwa ule uchachu anaweza kukisia maziwa yaliingia lini, kwa sababu anajua yanavyokwenda siku hadi siku. Ndani ya jivu la volkano kuna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni, polepole mno, kwa mwendo usiobadilika. Mlima unapolipuka, joto hufukuza agoni ya zamani na kibuyu kinaanza upya. Mtaalamu hupima agoni iliyokusanyika tangu hapo. Mzee alifikiri kidogo, akauliza kama kibuyu kilikuwa hakijasafishwa vizuri itakuwaje. Ni swali ambalo wataalamu wa kupima umri wa miamba huumiza nalo kichwa: agoni ya zamani iliyobaki huifanya sampuli ionekane kongwe kuliko ilivyo.

Walimu wanaotaka kulifanya hili darasani hawahitaji kutusubiri sisi na gari letu. Changanya mchanga laini na jivu la jikoni, tia maji kiasi, tandaza mahali pa urefu wa mita tano. Mtoto mmoja apite wenzake wakiwa wamegeuka, kisha wasome: ni nani, alibeba mzigo, alikimbia? Wapime urefu wa unyayo, wazidishe kwa 20, wagawanye kwa 3. Unyayo wa sentimita 24 unakupa mtu wa sentimita 160 hivi. Halafu wampime mwenyewe. Watakosea, na kukosea huko ndiko kunakonoga: wengine kwa sentimita mbili, wengine kwa kumi, na itabidi wajiulize kwa nini. Ukiwapa unyayo mkubwa wa ule ugunduzi wa 2016, sentimita 26, hesabu yao italeta 173, wakati watafiti walikadiria karibu 165. Hawajakosea kuzidisha. Kanuni hiyo ni ya mwili wetu, na yule wa Laetoli hakuwa na mwili wetu.

Kuna jambo la Laetoli ninalolisimulia kwa maafisa wenzangu zaidi kuliko kwa wanafunzi. Baada ya uchimbaji, nyayo zile zilifukiwa kwa mchanga wa mtoni ili kuzilinda. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, ikakua, na mizizi yake ikaanza kuitishia miamba yenye nyayo. Mchunga mbuzi yeyote anajua kwamba mbuzi hula maganda ya mgunga, mbegu hutoka na kinyesi, mvua ikinyesha kila kitu huishia korongoni. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale pamoja na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani walilazimika kufukua, kuondoa miti na kufukia upya kwa vitambaa maalumu, mchanga uliochekechwa na mawe. Safari hiyo wenyeji walishirikishwa: laiboni, kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, alifika, kondoo akachinjwa, eneo likabarikiwa na watu wakaombwa walitunze. Kwangu tambiko lile ni sehemu ya uhifadhi sawasawa na kile kitambaa.

Swali la dini huja kila mara, na mtu asidhani linaepukika. Wamaasai wana simulizi ya Enkai, yaani Mungu, kuwashushia ng'ombe kutoka mbinguni. Wengine wametoka kanisani Jumapili iliyopita. Mimi huwa sibishani. Nawaonyesha unyayo, kivuli, kamba na kibuyu, nawaambia hivi ndivyo tulivyofikia hesabu yetu, na mtu yeyote anaweza kuikagua. Wapo wanaoondoka wakitikisa kichwa, na mwaka unaofuata wanarudi na unyayo walioukuta mahali fulani, wakitaka niuangalie.

Kinachoniuma ni kingine. Nimekaa kwenye mabaraza ambako watu wanataja kwa majina watafiti waliopiga hema kijijini miezi mitatu, wakaajiri vijana kubeba maji, kisha wasionekane tena. Matokeo yalitoka kwa Kiingereza, na shule iliyo hatua chache kutoka kwenye uchimbaji haina hata picha ukutani. Baraza la aina hiyo huanza na malisho na makazi, na afisa anayekuja kuzungumzia mawe tu hatasikilizwa, wala hastahili. Siku hizi ninapoombwa ushauri na timu inayokwenda kuchimba, namwambia kiongozi wake atenge siku mbili za mwisho: moja ya kuwarudishia wanakijiji walichokiona, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, na moja ya kumwaga nakala ya plasta itakayobaki shuleni.

Kwenye kikao kimoja cha akina mama nilitandaza mchoro wa Engare Sero uliochapishwa mwaka 2020. Unaonyesha watu 17 waliokwenda pamoja kuelekea kusini-magharibi kwa mwendo wa kawaida. Kwa vipimo vya nyayo, watafiti wanaona huenda 14 walikuwa wanawake, wawili wanaume na mmoja kijana wa kiume, na wanalinganisha na Wahadzabe, ambao wanawake wao hutoka kwa kundi kuchimba mizizi na kuchuma matunda.

Yeyo (mama, kwa Kimaasai) mmoja alifuata mstari mmoja mmoja kwa kidole, midomo ikihesabu.

"Wanawake kumi na wanne, na watoto wadogo hakuna? Waliwaachia nani?"

Nikasema huenda walibaki kambini na mabibi. Hakuridhika. Aliyekaa nyuma yake, mwenye mtoto mgongoni, akasogea kuutazama mchoro.

"Waliobebwa hawaachi unyayo," akasema. "Angalia kisigino. Mwenye mzigo mgongoni kisigino chake huzama."

Wakaniomba futi kamba.