Slovenia na Kroatia: mirathi iliyosahau bahari

Wanafunzi wangu wa diplomasia hupenda kuanza na siku balozi zilipofunguliwa. Mimi huwarudisha nyuma: nani alirithi nini?

Slovenia na Kroatia zilijitangazia uhuru kutoka Yugoslavia siku moja, 25 Juni 1991, zikatambuana papo hapo, na Februari 1992 zikaanzisha uhusiano wa kibalozi. Kwenye karatasi mambo shwari. Kasheshe ilikuwa mirathi ya Yugoslavia. Wakroatia walioweka akiba Ljubljanska banka, benki ya Slovenia, walibaki wakidai pesa zao. Kinu cha nyuklia cha Krško kipo Slovenia, lakini nusu yake ni mali ya Kroatia. Na Ghuba ya Piran, iliyo kati ya nchi hizi mbili, je? Nchi kavu, kwa sehemu kubwa, kila jamhuri ilijua mpaka wake. Baharini hakuna aliyewahi kupiga mstari.

Tume ya Badinter, iliyotoa ushauri wa kisheria Yugoslavia ilipovunjika, iliegemea hukumu ya kesi ya mpaka ya Burkina Faso na Mali ya 1986. Ni kanuni ile ile ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), Cairo 1964: mpaka uliourithi ndio wako. (Naam, Ulaya nayo iliazima kwetu.) Ila kanuni hiyo haina msaada pale ambapo mpaka wenyewe haukuwepo.

Kilichobadilisha mchezo ni foleni. Slovenia iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, jirani akabaki mlangoni, na kwa kuwa kila mwanachama anaweza kumzuia mgombea, ufunguo ukawa mkononi mwa Slovenia. Mwishoni mwa 2008 ikazuia mazungumzo ya Kroatia kujiunga, hadi mawaziri wakuu Borut Pahor na Jadranka Kosor walipokubali suala la mpaka liende kwa wasuluhishi. Wananchi wa Slovenia waliupitisha mkataba huo kwa kura ya maoni ya 2010, kwa asilimia 51 na ushei.

Kroatia ilijiunga mwaka 2013, na ufunguo ukakosa kazi. Mwaka 2015 zikavuja simu za msuluhishi wa Slovenia akizungumza kisirisiri na wakala wa serikali yake. Kosa la kitoto, kwa maoni yangu, na Kroatia ikapata sababu ya kujitoa. Uamuzi wa 2017 uliipa Slovenia sehemu kubwa ya ghuba, Kroatia haiutambui.

Krško, wakati huohuo, inaendelea kugawa umeme wake nusu kwa nusu.