Wilikapu za magari ya zamani: nitumie picha ya nyuma

Wanaonitafuta kwa ajili ya wilikapu (vifuniko vya magurudumu) ambazo kiwanda kimeshaacha kutengeneza hunitumia picha ya mbele. Mbele hakunisaidii sana. Nembo na mng'ao vinaigwa kirahisi; mimi nataka kuona nyuma, kwenye namba ya spea, alama ya mtengenezaji na vibanio vinavyoishikilia kwenye gurudumu.

Namba inasomeka ukijua mpangilio wake. Chukua kifuniko cha katikati ya rimu ya Volkswagen chenye namba 1J0 601 171. 1J0 ni gari ambalo spea ilitengenezewa, yaani Golf ya kizazi cha nne. 601 ni kundi la magurudumu. 171 ni kifuniko chenyewe. Mwishoni huongezwa msimbo wa rangi, ambao mara nyingi unaupata kwenye lebo ya mfuko tu. Kwa hiyo mfuko usiutupe, na muuzaji akikwambia "ni ileile, herufi za mwisho tu ndizo zimepishana", jua rangi ya fedha ya chako inaweza isifanane na ya vile vitatu vilivyobaki kwenye gari.

Kuna pia namba zilizorithiwa. Kiwanda kikirekebisha spea huipa namba mpya, lakini mzigo wa zamani hubaki stoo kwa namba ya awali. Tafuta zote mbili.

Vipimo vinawaponza wengi. Ukiambiwa "milimita 68", uliza zimepimwa wapi: usoni au kwenye vibanio? Uso unaweza kulingana kabisa, lakini vibanio visishike kwenye tundu.

Kuhusu spea mpya iliyokaa kwenye boksi miaka ishirini, mimi siipapatikii. Plastiki huzeeka hata bila kuona barabara. Sukuma kibanio kimoja taratibu kwa kidole gumba: kikitoa mstari mweupe shinani, kimeanza kuchoka. Heri iliyotumika yenye uso uliochubuka na vibanio vizima. Uso wa kupakwa rangi unapakwa upya. Kibanio kilichogundishwa kwa gundi sikiamini gari likiwa mwendoni. Kromu iliyobanduka ni habari nyingine, hiyo hairudi kwa kupiga polishi.

Ukinunua seti, dai picha ya nyuma ya kila moja. Kwenye zenye waya wa duara unaokaza vibanio kwa nyuma, hakikisha waya upo na haujapinda. Wakati wa kufunga, linganisha pengo la wilikapu na valvu kwanza, kisha gonga kwa kiganja kuzunguka ukingo. Nyundo iache kwenye boksi la zana.