Mkataba wa Paris: yanayosemwa mwaloni na yaliyoandikwa

Ubishi juu ya mikataba ya tabianchi hauishii bungeni Dodoma. Hapa Mwanza unaukuta kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, vijiweni na ndani ya daladala za Buhongwa. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi watu wanagombana kwa jambo ambalo halimo kwenye Mkataba wa Paris, yaani makubaliano ya nchi za dunia ya kukabili mabadiliko ya tabianchi.

"Paris wametukataza mafuta, gesi na mkaa"

Hapana. Kifungu cha 4 cha mkataba huo kinaiachia kila nchi iandike yenyewe itakachofanya. Mwaka 2021 Tanzania iliandika kwamba ifikapo 2030 itapunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na kiwango ambacho tungefikia bila kuchukua hatua. Namba hiyo ni yetu. Maandishi ya mkataba hayataji kabisa mafuta wala makaa ya mawe, na kamati inayofuatilia utekelezaji haina mamlaka ya kuadhibu nchi. Tamko la Septemba 2022 lililopinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga lilitoka Bunge la Ulaya, chombo kingine kabisa.

Marufuku ya kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku nayo ni uamuzi wa serikali yetu. Anayeupinga ana haki yake, ila malalamiko ayapeleke kwa waliouamua.

"Alisaini Rais, wananchi hatukuulizwa"

Kusaini si kuridhia; kuridhia ni nchi kukubali rasmi kufungwa na mkataba. Mkataba ulisainiwa Aprili 2016, ukaridhiwa Mei 2018. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Mbunge wako wa Ilemela au Sengerema anahusika moja kwa moja.

"Ziwa likijaa, ni Uganda wamefunga maji Jinja"

Ubishi wa tabianchi huligusa pia Ziwa Victoria, ambalo maji yake hutokea Jinja kuingia Mto Nile. Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Ziwa liliposhuka sana mwaka 2005 na 2006, maji mengi yaliyopitishwa kwenye mabwawa ya Jinja yalichangia, pamoja na ukame. Lakini takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 ndizo zilizolipandisha, na Mei 2020 likavuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964. Mwaka 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Jinja peke yake haielezi hayo.

Mvua hiyo haiishii kwenye vipimo vya maji. Dagaa akianikwa asubuhi na jua likawaka, jioni anajazwa kwenye magunia. Mvua ikimkuta bado mbichi, analainika, anabadilika rangi na kuanza kunuka. Mama aliyemnunua ili auze kwa chakula cha watu anaishia kumuuza kwa bei ya chakula cha kuku. Mkopo wa kikundi unabaki palepale.

"Ni kitanzi, ukiingia hutoki"

Unatoka kwa kuandika taarifa na kusubiri mwaka mmoja. Marekani ilitoka Novemba 2020, ikarudi Februari 2021, na Januari 2025 ikatangaza kutoka tena.

"Tumeingia, sasa hela zitakuja"

Wanaotetea mikataba nao wanapotosha. Hela hazimfuati aliyesaini, zinamfuata aliyeandika mradi ukapita, na nyingine huja kama mkopo. Jirani zetu wa Simiyu wanao mfano: mradi wa kupeleka maji ya ziwa hili mkoani kwao uliidhinishwa mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaogharamia miradi ya aina hii, kwa ruzuku ya zaidi ya euro milioni 100. Ulipatikana kwa sababu kulikuwa na andiko lililoeleza ukame wao, idadi ya watu na namna maji yatakavyofika.

Hapo ndipo ningependa ubishi wetu uhamie. Mkataba unazitaka nchi ziwasilishe ahadi mpya kila baada ya miaka mitano. Muulize mbunge na diwani wako: katika ahadi zetu, mialo ya Kanda ya Ziwa imeandikiwa nini? Kuna vikaushio vya dagaa vya kutumia msimu wa mvua? Na andiko la mradi wa Mwanza liko mezani kwa nani?