Kompyuta iliyoshinda poka ya watu sita: mnayoamini na ukweli wenyewe

Watu wakisikia kompyuta iliwashinda mabingwa wa poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, wanadhani ilikuwa inawasoma, nani ana papara, nani akiweka dau kubwa ujue hana kitu. Hapana jamani. Pluribus, programu ya Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakishirikiana na Facebook, mwaka 2019 ilikaa na wataalamu watano watano ikacheza raundi 10,000 ndani ya siku 12, na muda wote huo haikubadilisha mkakati wake kwa ajili ya mtu yeyote. Ujuzi wake iliupata kwa kucheza na nakala zake yenyewe, mechi za binadamu haikufundishwa hata moja.

Sasa ilijifunzaje? Hapa ndo patamu. Kila ikimaliza raundi inarudi nyuma inajiuliza, pale ningefanya kingine ningepata ngapi, na jibu inalo manake mazoezini wote mezani ni yenyewe. Tuseme ulitupa karata, yaani ukajitoa, ukapoteza 100, kumbe ungelipia dau la mwenzako ungepata 200, ungepandisha dau ungepata 500. Basi kulipia kunaandikiwa majuto 300, yaani tofauti na ulichopata, kupandisha majuto 600, na ukifika tena pale unapandisha mara mbili katika tatu, iliyobaki unalipia. Majuto yanaendelea kujumlishwa, mamilioni ya raundi, mkakati unajinyoosha wenyewe taratibu.

Ndo maana hata ile ya kwamba kujifanya una karata kali wakati huna kitu ni kipaji cha binadamu tu, sio kweli. Ukiweka dau kubwa pale tu una karata nzuri wenzako watatupa zao kila ukiweka, huvuni kitu, kwa hiyo majuto yenyewe yanaisukuma iweke dau na karata mbovu mara mojamoja. Hakuna aliyeiambia.

Wengine wanasema lazima ilihitaji mtambo wa mabilioni. Mafunzo yalichukua siku 8 kwenye seva moja ya kori 64, yaani vichakato 64 ndani ya kompyuta moja, na gharama ya kuikodi kwenye intaneti wakati huo, 2019, ilikuwa kama dola 150. Mimi hii ndo napenda kila kijana anayesoma kompyuta aijue.

Na wale wa "mbona Deep Blue ilishamfunga Kasparov 1997", yaani kompyuta ya IBM na bingwa wa dunia wa chesi, jamani chesi kila kitu kiko ubaoni, mnaona sawa. Kwenye poka karata za mwenzako huzioni, na thamani ya dau lako inategemea ungefanya nini kama ungekuwa na karata nyingine, hivyo huwezi kupiga hesabu ya pale ulipo peke yake.

Ila inayosambaa zaidi ni kwamba hesabu imethibitisha programu hii haishindiki. Mkiwa wawili, anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwingine, hapo sawa, ukifuata mkakati wa msawazo wa Nash, yaani hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadilisha mkakati wake peke yake, huwezi kupoteza kwa wastani hata mpinzani afanye nini. Mkifika watatu au zaidi uhakika huo unakufa, kila mtu anaweza kuchagua msawazo wake kivyake na mkijumlishwa mezani msiwe kwenye msawazo wowote, na wachezaji wawili wanaweza kukuumiza hata kama wewe hujakosea popote. Waliotengeneza Pluribus walisema hivyo wazi kabisa, kwenye meza ya sita hawana uthibitisho wa nadharia, walichonacho ni matokeo ya kucheza na wataalamu.