Nyeusi na nyeupe au ya rangi? Tunayoambizana L'shi, na yaliyo kweli

Weka picha yako nyeusi na nyeupe kwenye statasi ya WhatsApp usiku, asubuhi utaamshwa na simu. "Yaya, kuko nini? Nani amekufa?" Hapa Lubumbashi picha isiyo na rangi imekuwa tangazo la kilio. Mtu akifariki, ndugu wanatafuta picha yake ya mwisho, wanaiondoa rangi, wanaandika tarehe mbili chini yake, na mji mzima umeelewa.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Wala sina ugomvi na anayesema "mimi napenda rangi" au "mimi napenda nyeusi na nyeupe". Hayo ni mapenzi, na mapenzi hayaulizwi risiti. Shida inaanza pale mtu anapoyavisha mapenzi yake koti la sheria: rangi ndiyo ukweli, nyeusi na nyeupe ndiyo sanaa, ngozi zetu haziko za picha. Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuuliza.

"Nyeusi na nyeupe ni ya kizamani, rangi ni ya kisasa"

Rangi katika picha ni kongwe kuliko mji wetu. Mwaka 1861, jijini London, mwanafizikia Mskoti James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe wa rangi uliopigwa mara tatu, kila mara kupitia kichujio cha rangi yake. Mwaka 1907 ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, walianza kuuza Autochrome: bamba la kioo lililotandazwa chembe ndogo mno za wanga wa viazi zilizotiwa rangi tatu. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa 1910, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ikaufikia. Kwa hiyo treni ya kwanza ilipopiga honi hapa, rangi ilikuwa na miaka mitatu madukani Ulaya.

Mbona basi picha za mji wakati huo hazina rangi? Bei kwanza. Halafu bamba la Autochrome lilikuwa zito kunasa mwanga: hata juani, mtu alipaswa kutulia sekunde nzima au zaidi bila kutikisika. Nani angewatuliza vibarua wa reli?

Na upande wa pili: mwaka 2012 kampuni ya Leica ilitoa kamera ya dijitali isiyoweza kupiga rangi kabisa. Ilikuwa ghali sana, na watu waliinunua wakijua wanachokinunua.

"Picha ya rangi inasema ukweli, nyeusi na nyeupe inaficha"

Hii ndiyo inayoaminiwa kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Ndani ya kamera ya simu yako kuna kihisi cha mwanga. Kihisi hicho, chenyewe, hakijui rangi. Kinahesabu mwanga tu, mwingi au kidogo. Ili kipate rangi, juu yake hutandikwa vichujio vidogo kama vigae, nusu ya kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpango huo uliwekewa hataza mwaka 1976 na Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, na kamera nyingi bado zinaufuata. Kila kigae kinapitisha rangi moja, halafu programu inakisia zile mbili zilizobaki kwa kuangalia majirani. Sehemu kubwa ya rangi unayoiona kwenye picha yako, basi, ni hesabu nzuri.

Kisha simu inaamua nyeupe ni ipi. Piga picha ya shati jeupe chini ya taa ya njano ya baa, halafu lipige nje saa sita mchana. Kama simu isingerekebisha, shati la baa lingetoka la chungwa. Ikirekebisha kupita kiasi, nyuso zinatoka za kibuluu kama watu wameugua. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaumia zaidi: simu inaliona, inadhani ni kosa la taa, inalipoza. Ukitumia simu mbili tofauti kupiga barabara moja ya mtaa wa Katuba, utapata barabara mbili.

Mfano mkubwa uko kwa majirani zetu wa Kivu. Kuanzia mwaka 2010, mpiga picha Mwairishi Richard Mosse alizunguka huko na Aerochrome, filamu ya Kodak iliyotengenezwa kwa kazi za kijeshi. Filamu hiyo inanasa miale ambayo jicho haliioni. Majani mabichi yanairudisha kwa wingi, rangi ya kijani iliyopakwa kwenye turubai ya jeshi hairudishi hivyo, na hivyo ndivyo ndege ilivyoweza kutofautisha kichaka na kambi iliyojificha. Kwenye picha, kila jani linatoka la waridi. Vilima vya Kivu vikawa vya waridi, askari wakisimama katikati ya maua ambayo hayapo. Mwaka 2013 kazi hiyo ilionyeshwa Venice. Wako waliokasirika, wako walioshangilia, lakini ubishi wao ni mwingine. Hapa inatosha kuona kwamba picha hizo ni za rangi, rangi tele, na hakuna mkulima wa Masisi ambaye angelitambua shamba lake.

Mtoto wa hapa kwetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alifanya kitu ambacho mimi nakiona cha akili zaidi. Katika mfululizo aliouita Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za kale za wafanyakazi na mabwana wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, nyeusi na nyeupe, akawakata, akawasimamisha ndani ya picha za rangi za viwanda vilivyokufa vya Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi. Wale wa zamani hawana rangi, kutu ya leo inayo. Ukizitazama unajikuta unauliza ni kipi kati ya vile viwili ndicho kiko hai. Hapo hakuchagua upande, alivitumia vyote viwili kwa kuwa kila kimoja kina saa yake.

"Ngozi nyeusi haitoki vizuri"

Wengine wanamalizia "kwenye nyeusi na nyeupe", wengine "kwenye rangi", kutegemea ni picha ipi iliyowaudhi.

Kosa halikuwa la ngozi. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima mashine zao kwa kadi iliyokuwa na picha ya mwanamke mzungu, kadi ambazo ziliitwa "Shirley". Mashine ikishampendeza Shirley, kazi imekwisha. Watu weusi walilalamika, na bado waliochangia kuisukuma Kodak ibadilike ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti: mbao zao nyeusi na chokoleti zao zilikuwa zikitoka tope moja. Acha niseme waziwazi kwamba jambo hilo linaniuma.

Upande wa nyeusi na nyeupe nako kulikuwa na lake. Filamu za mwanzo hazikuona wekundu, na ngozi zetu zina wekundu mwingi chini yake. Kilichokuwa chekundu kilitoka cheusi zaidi kuliko jicho linavyokiona.

Leo lawama nyingi zinaangukia kipimo cha mwanga. Kamera inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha kati. Sasa mlete bibi harusi mbele ya kanisa, gauni jeupe limejaa picha. Kamera inashtuka: nyeupe nyingi mno! Inapunguza mwanga mpaka gauni liwe kijivu, na uso wa bibi harusi unazama humo. Mpiga picha anayejua kazi anaongeza mwanga kidogo kwa makusudi, au anapimia usoni badala ya gaunini. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole kabla ya kupiga. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akikaribia na kujaza picha, shida inageuka kinyume: kamera inaongeza mwanga, suti inapauka.

"Ikiharibika, igeuze nyeusi na nyeupe"

Kweli kidogo. Kama picha imeharibiwa na taa za ukumbini, kijani huku na zambarau kule, kuondoa rangi kunaokoa. Kwa makosa mengine haiokoi kitu. Picha yenye ukungu itabaki na ukungu.

Chukua kikwembe chenye maua mekundu juu ya kijani kilichoiva. Kwa macho, rangi hizo zinapigana. Sasa zigeuze kijivu. Programu nyingi bado zinatumia mizani ya zamani ya televisheni: katika kila 100 za mwangaza, kijani kinapewa 59, nyekundu 30, bluu 11. Nyekundu kali na kijani hicho zinaweza kuangukia kijivu kimoja, na maua yanapotea. Mama aliyetafuta kikwembe hicho nusu siku soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anaonekana amevaa gunia. Ndiyo maana programu nzuri zina vitelezi vya kila rangi: shusha nyekundu peke yake, maua yanarudi, meusi juu ya kijivu. Wapiga picha wa filamu walifanya hivyo kwa kioo mbele ya lenzi. Kioo chekundu, kwa mfano, kinaitia anga ya bluu giza na mawingu yanajitokeza.

Jiwe la malakiti linafundisha kinyume chake. Ukilinyima ukijani wake, mistari yake inaonekana zaidi. Lakini jakaranda za mjini zikichanua kabla ya mvua, sioni faida ya kuzipiga bila rangi. Utapata mti.

"Nyeusi na nyeupe ndiyo sanaa"

Iliaminiwa hata na wakubwa, mpaka jumba la sanaa la MoMA la New York lilipoonyesha picha za rangi za William Eggleston mwaka 1976 na kutukanwa na wahakiki kwa hilo. Leo hakuna anayebishana nalo kwa dhati.

"Picha za rangi zinadumu zaidi, ni teknolojia mpya"

Fungua albamu ya nyumbani. Babu na kofia yake, miaka ya hamsini, bado ni mkali kama jana. Ubatizo wa miaka ya themanini umekuwa mwekundu wote, padri, mtoto na ukuta. Picha nyeusi na nyeupe ya zamani imeundwa kwa chembe za fedha, na kama mwenye studio aliisafisha na kuisuuza vizuri, inakaa. Picha ya rangi ya miaka ile imeundwa kwa dawa tatu za rangi, na ile ya kibuluu mara nyingi huchoka kwanza, hata gizani. Joto chini ya mabati linaharakisha. Zipige upya kwa simu mapema, mchana kivulini, bila flashi, na uzitoe kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi.

"Lazima uchague kabla ya kupiga"

Inategemea faili. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi kama ilivyotoka kwenye kihisi, rangi zote zinabaki ndani hata kama kioo kinakuonyesha kijivu. Ukipiga JPEG, faili la kawaida la picha, nyeusi na nyeupe, rangi imekwenda na hairudi. Usiye na uhakika, piga ya rangi, uamue nyumbani.

Uamuzi ukishafanyika, bado kuna kituo kimoja: duka la kuchapisha. Mashine nyingi zinatengeneza kijivu kwa kuchanganya wino za rangi, na mchanganyiko ukiyumba, picha yako nyeusi na nyeupe inatoka ya kijanikijani au ya zambarau. Iangalie nje ya mlango, si chini ya taa ya duka. Kama unataka kubwa ya sebuleni, omba kwanza ndogo ya majaribio, uilipe, uitazame juani, ndipo useme endelea.